Jina la Ugonjwa wa Papa Chef

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika labo, yaani maabara, nikiwa na viatu mkononi. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, huko Masisi, na pikipiki iliyonitoa Sake ilinishusha chini kabisa kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia. Mkuu wa labo aliniangalia miguu yenye matope, akaniangalia uso.

"Wewe uko muntu wa Butembo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa Chef. Baba yangu iko na duka kule."

"Basi ulipashwa kubakia ku duka. Huku kazi iko ya kuosha vioo. Osha miguu kwanza, halafu osha hizi."

Akanisogezea beseni lililojaa lame. Lame ni kile kipande chembamba cha kioo tunachotandazia damu au maji ya mwili ili tuyaangalie chini ya mikroskopi. Niliziosha mpaka vidole vikakunjamana. Jioni alinipa tone la damu nitengeneze frotti, yaani nilitandaze tone lile liwe jembamba kama moshi. Alinyanyua lame yangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii njo bugali," akasema. "Mi nilikuomba frotti."

Huyo ndiye Papa Chef Balume, mwenyeji wa Nyabiondo, aliyenifundisha kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu. Cheo chake kilikuwa Chef de laboratoire, lakini hakuna aliyekitamka chote. Kuanzia Médecin directeur, daktari mkuu wa hospitali, hadi mama waliofagia ua, wote walisema Papa Chef. Mimi naitwa Masika. Nyinyi mnaosomea labo sasa mmeniomba niwasimulie tulivyofanya kazi. Nitasimulia, ila kazi yangu siwezi kuitenga na ugonjwa wa mtu huyo.

Miaka ile ya mwanzo tulisoma malaria, minyoo na makohozi ya kifua kikuu. Mtu akija na uvimbe, tulikuwa na majibu machache. Uvimbe wa shingo ulikuwa kifua kikuu mpaka dawa zikatae. Uvimbe wa sehemu za siri za mwanaume uliitwa mushipa, na mushipa ulikuwa wa kufichwa. Mwanaume alivaa suruali pana na koti refu, akaendelea kulima.

Mabadiliko yaliletwa na Médecin directeur mmoja, daktari mrefu mwenye sauti ndogo, aliporudi kutoka masomoni. Alituita mimi na Papa Chef akatuonyesha sindano nyembamba kuliko zile za kuchomea watoto chanjo.

"Kwa hii hatupasui muntu," akasema. "Tunachoma uvimbe, tunavuta seli kidogo, tunazitandaza ku lame. Kama muko na macho, seli zitawaambia."

Njia ile inaitwa ponction. Sindano inaingia, mkono unaipeleka mbele na nyuma kwa upole, na kinachopanda ndani yake ni kidogo hata ungedhani hujapata kitu. Unakimwaga juu ya lame, unaivuta kwa lame ya pili, unaacha ikauke kwa hewa, kisha unaitia rangi. Ukichelewa inaharibika, na ukibonyeza sana unapasua seli ukabaki na nyuzi za samawati zisizosema lolote.

Papa Chef alikuwa na mvi tayari, lakini alijifunza kama mwanafunzi. Masisi ni nchi ya ng'ombe, kwa hiyo maini na figo za kujifunzia hazikukosekana. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba kwa wachinjaji. Siku moja alirudi na korodani za fahali zimefungwa ndani ya jani la mgomba, uso wake umekunjamana kwa hasira.

"Banawaza mi nazeeka, natafuta dawa ya nguvu," akaniambia. "Bamenicheka mpaka ku mulango wa hopitali."

Tulizichoma, tukazitia rangi, na hivyo ndivyo nilivyojua kwa mara ya kwanza seli za korodani nzima zinavyokaa. Jambo moja Médecin directeur alilikazia. Kijana akija na korodani iliyovimba na kuwa ngumu, msimchome. Kwa vijana mara nyingi ni saratani ya namna nyingine, na sindano inaweza kuimwaga njiani inapopita. Huyo apelekwe kwa daktari wa upasuaji moja kwa moja. Sindano aliiruhusu kwa mzee tu, hasa kama pande zote mbili zimevimba, kwa sababu kwa wazee ugonjwa unaofanya hivyo mara nyingi ni limfoma, saratani inayotokana na chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutulinda.

Papa Chef alikuwa na sheria yake moja, na aliirudia nilipokuwa na haraka ya kutoa majibu. "Sema kile unaona. Kile unawaza, uweke mu mufuko."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Niliolewa pale, nikazaa pale, na mume wangu alipofariki, Papa Chef na mke wake Mama Faida ndio waliokaa nami matangani hadi mwisho. Kisha Médecin chef de zone, daktari anayesimamia afya ya eneo lote, akaniita ofisini.

"Walikale hawana muntu wa kusoma seli," akasema. "Utaenda?"

Nilimuuliza nani atabaki na Papa Chef. Akaniambia Papa Chef mwenyewe ameomba kupumzika. Anarudi Nyabiondo kulima maharagwe yake. Ni yeye aliyetaja jina langu.

Walikale ni msitu. Baada ya baridi ya Masisi, joto lile na unyevu ule vilinichosha. Ukungu uliota ndani ya lenzi za mikroskopi kama unavyoota kwenye mkate, mpaka tukatengeneza sanduku lenye balbu ndogo iliyowaka daima, tukawa tunailaza mikroskopi humo ikae pakavu. Wagonjwa walitoka machimboni, mashambani, wengine walikuwa wakimbizi wa vita kutoka vilima nilivyoviacha. Mwanzoni nilikuwa nikipata habari za Nyabiondo kupitia wenye pikipiki. Baadaye vita vikaenda vikirudi, na habari zikawa nadra.

Papa Chef alinikuta kazini asubuhi moja ya mvua. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, juu ya mto wa kulalia uliofungwa ndani ya plastiki. Mama Faida alikuwa kando yake ameshika kofia yake. Sikumtambua mara moja. Shingo ilikuwa imepungua na koti lilikuwa kubwa.

"Tumekuja juu ya Mama," akasema. "Iko na malaria."

Mama Faida aliangalia chini. Niliwaingiza ndani, nikafunga mlango, nikamwandaa Mama Faida nimtoe damu. Alivuta mkono wake.

"Mi siko mugonjwa, Masika," akasema, akamgeukia mumewe. "Mwambie, Papa Faida. Tumekaa juu ya pikipiki toka Nyabiondo mpaka huku, utaficha tena kwa nani?"

Papa Chef aliuweka mto wake kitini, akaukalia. Kisha akasema kwa Kifaransa, kana kwamba anasoma karatasi ya mgonjwa mwingine, kwamba ni uvimbe wa korodani, ulianza kuume, sasa uko pande zote mbili, hauna maumivu, na unakua.

"Toka lini, Papa Chef?"

"Toka mavuno ya maharage ingine, si hii imepita."

Niliuliza kwa nini hakwenda Masisi, kwenye hospitali yake mwenyewe. Alisema njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Mama Faida akasema hata kabla ya mapigano hakutaka. Pale Masisi kila muuguzi ni mtoto wake wa kazi.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Papa Chef alikuwa na mdogo wake, Bahati, waliyegawana naye shamba la baba yao. Watu waliomwona Papa Chef anakonda, wakasikia minong'ono ya uvimbe, walisema ni karuho. Kwetu karuho ni sumu anayotiwa mtu katika chakula au kinywaji na mwenye kumwonea wivu. Walimtaja Bahati. Vijana wa ukoo walikwenda kwake, wakang'oa mihogo yake, wakamwambia kaka yake akifa na yeye atamfuata. Bahati alichukua mke na watoto akahamia Mpofi.

"Nimekuja unichome sindano," Papa Chef akaniambia. "Kama nitakufa, nitakufa. Lakini nataka nijue jina, juu ya Bahati."

Nilimpeleka kwa Médecin directeur wetu wa Walikale, daktari aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. Nilimweleza huyu ni nani. Daktari alisimama akampa mkono kwa heshima, kisha akanigeukia akasema kwa upole, "Mama Masika, utungojee ku labo."

Papa Chef aliniangalia. "Uko binti yangu," akasema. "Seli utaziona. Mimi hapana."

Yaliyofanyika mle ndani nilisimuliwa na daktari. Alizima taa, akaweka mwanga wa simu nyuma ya uvimbe. Kama ungekuwa mushipa wa maji, mwanga ungepita na uvimbe ungeng'aa. Mwanga haukupita. Aligusa, akakuta ugumu pande zote mbili, na mgonjwa hakusikia maumivu. Alimweleza kwamba atamchoma kwa sindano nyembamba, na Papa Chef akamjibu kwamba anaijua.

Lame zililetwa zikiwa zimekauka vizuri. Nilizitia rangi mwenyewe, nikaziosha, nikaziegemeza ukutani zichuruze maji. Mikono yangu ilifanya kazi yake ya kila siku. Nikaweka lame ya kwanza chini ya lenzi.

Nawaelezea nyinyi mtakaozisoma. Ingekuwa kifua kikuu, ningeona seli ndefu zimekumbatiana makundi makundi, na uchafu uliooza katikati. Ingekuwa ile saratani ya vijana, nyuma ya seli kungekuwa na michirizi kama ngozi ya chui milia. Sikuona hivyo. Niliona seli kubwa za mviringo, maelfu, kila moja peke yake, hakuna iliyoshikana na mwenzake. Kiini kilijaza seli karibu yote, kikabaki ukingo mwembamba wa samawati, na ndani ya kiini kulikuwa na vidoa vilivyotoka wazi. Katikati yao zilitapakaa punje ndogo za samawati, vipande vya seli zilizovunjika. Vipande hivyo huachwa na seli za jamii ya chembe nyeupe. Nilitafuta seli za korodani nzima, zile nilizozijua kwa yule fahali wa Masisi. Nilipata chache sana.

Nilisikia mlango unafunguliwa. Papa Chef aliingia akitembea kwa kutanua miguu, Mama Faida nyuma yake.

"Toka hapo," akasema. "Niangalie."

"Papa Chef, tungoje Dokta."

"Masika. Toka hapo."

Nilisimama. Aliketi polepole, akasogeza uso kwenye mikroskopi, mkono wake wa kulia ukashika kile kifundo cha kusogezea lame bila kukitafuta. Alianza kusema kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya akitufundisha.

"Frotti iko muzuri. Rangi iko muzuri. Seli ziko nyingi. Ziko kubwa, za muviringo. Haziko pamoja." Akasogeza. "Noyau, kile kiini, iko kubwa. Vidoa viko wazi." Akasogeza tena, halafu mkono ukasimama. "Ziko zote namna moja," akasema, na sauti ilikuwa nyingine.

Mama Faida aliuliza, "Njo nini?"

Papa Chef alinigeukia. Aliniambia mimi, "Andika kile unaona."

"Nimekwisha kuona, Papa Chef."

"Na jina?"

Nilitaka daktari aje. Nilitaka mtu yeyote mwingine aingie. Lakini alikuwa amenigeukia ananingoja, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwona anangoja jibu asilolijua. Nikasema, "Limfoma."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha alimshika mkewe mkono, akamketisha kwenye kiti chake, akamwonyesha namna ya kufumba jicho moja.

"Angalia, Mama Faida. Unaona vitu vya buluu na vya zambarau?"

"Naona. Viko vingi."

"Njo hivi vinakula mi. Si mushipa. Si karuho. Hakuna muntu aliweka kitu mu sahani yangu. Ni damu yangu mwenyewe imegeuka."

Mama Faida aliangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, akauliza swali moja tu. "Iko na dawa?"

Daktari alifika akasoma lame pamoja nasi, akakubali. Alipiga picha kwa simu, kamera imewekwa juu ya lenzi, akazituma kwa mtaalamu wa Kinshasa, na jibu lilipokuja lilikuwa lile lile. Alimweleza Papa Chef mambo kama anavyoelezwa mwenye kazi. Sindano inatupa jina la ukoo wa ugonjwa, haitupi jina kamili. Kwa hilo inabidi kuondoa korodani moja, ipimwe nyama yenyewe. Halafu ni dawa za mshipani, mzunguko baada ya mzunguko, na dawa hizo haziko Walikale. Ziko Goma.

Walingojea mpaka ndege ndogo iliyoleta dawa ilipokubali kurudi nao. Walikaa kwangu siku zile. Asubuhi Papa Chef aliota jua barazani, akawaeleza majirani zangu ugonjwa wake bila kuulizwa, isipokuwa sehemu ulipo. Hiyo aliiita "huku chini."

Goma walimpasua, na nyama ikathibitisha. Walifikia kwa mpwa wao karibu na Mubambiro, pale penye kambi ya askari, sababu mjini hawakuwa na ndugu. Kila zamu ya dawa ilipofika, Papa Chef alikwenda hospitali, akarudi, akatapika, nywele zikamtoka. Halafu akapata nafuu. Alinipigia simu siku moja ya Jumapili, nyuma yake nikisikia kwaya.

"Uvimbe umekwisha," akasema. "Upande ulibakia umekuwa kidogo kama zamani. Nimekula sombe, sahani mbili."

"Tumshukuru Mungu, Papa Chef."

"Mungu na sindano yako."

Nilifurahi siku ile kiasi kwamba niliimba nikifua. Nawaambia hivyo kwa sababu furaha ile ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli.

Vita vilifika Mubambiro kabla zamu za dawa hazijaisha. Sitaeleza nani alimpiga nani; nyinyi mnajua, na kila mmoja anajua lake. Mpwa wao alikimbilia upande mmoja, wao upande mwingine, na njia ya kurudi hospitali ikafungwa nyuma yao. Walipanda vilima kwa miguu na kwa pikipiki. Nyabiondo walikuta nyumba yao haina paa. Wakaendelea mpaka Mpofi, kwa mtu mmoja aliyekuwa na chumba cha kuwapa. Huyo alikuwa Bahati.

Nilipopata habari, niliomba ruhusa nikaenda. Bahati mwenyewe alinipokea barabarani, mtu mwembamba anayefanana na kaka yake katika paji la uso. Alinibebea mfuko.

"Anaumwa kichwa, dada," akasema. "Na maneno yake ingine inapotea."

Nilijua kabla ya kuingia. Limfoma ya korodani ina tabia hiyo. Unaifukuza huku, inajificha kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri. Papa Chef alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Aliniangalia kwa jicho moja, lingine amelifumba kwa kiganja.

"Nikifungua yote, munakuwa babili," akasema. "Masika babili. Mumoja anatosha."

Nilicheka, naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Nilikaa naye siku ile nzima. Mara nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akarudi. Saa alizokuwa mzima alisema kwa uwazi.

"Nakufa mu nyumba ya Bahati," akasema. "Unajua bantu batasema nini."

"Najua, Papa Chef."

"Siku ya maziko usifiche. Sema jina, na useme na sehemu. Mi niliona haya, ikanila mwaka. Kuko banaume bengine bako na makoti marefu."

"Mi mwanamuke niseme ile mbele ya bazee?"

"Wewe njo uliziona," akasema, akafumba macho.

Alikufa juma lile lile, asubuhi, Bahati akimshika ili Mama Faida amnyweshe maji. Nilikuwa bado pale.

Watu wa ukoo walifika kutoka Nyabiondo, na kati yao walikuwapo vijana wale wale waliong'oa mihogo. Walisimama nje ya ua na mapanga, kama watu waliotoka shamba, ingawa hakuna aliyetoka shamba. Mke wa Bahati alikuwa amepika maharagwe na bugali kwa ajili ya waombolezaji. Sahani zilipita, na mikono haikunyooshwa. Chakula kilipoa.

Katekista alipomaliza sala, nilisimama. Niliwaambia kazi yangu, niliwaambia marehemu ndiye aliyenifundisha. Halafu nikasema korodani. Wazee waliangalia chini, mmoja akakohoa. Nikaeleza uvimbe, sindano, lame, seli zilizogeuka. Nikasema jina limfoma mara kadhaa, polepole, ili lishikike. Nikasema kwamba ugonjwa huu hauingii kwa mdomo, na mwenye uvimbe kama ule aje mapema bila kungoja.

Kijana mmoja, mkubwa wao, akasema, "Mama, wewe unakula mushahara ya hopitali. Utasema kile banakuambia. Huyu alikufa kwa nani? Si kwa Bahati?"

Nilianza kurudia habari ya lame. Ndipo Mama Faida aliposimama. Alikuwa mjane wa siku moja, kichwa kimefungwa kitambaa, na kwetu mjane wa siku moja hasimami kusema.

"Mi nilikuwa mu nyumba na yeye kila siku," akasema. "Ile uvimbe ilianza tukiwa hatuyakula kwa Bahati toka mwaka. Mulisema Bahati anaroga, mukamufukuza. Papa Faida alinipeleka ku mashine, akaniambia angalia. Niliangalia. Nimeuona ule ugonjwa na macho yangu mbili. Haukuwa na uso ya Bahati." Akapumzika kidogo. "Vita imetufukuza, mulango yote ilifungwa. Ule mulifukuza, njo alitufungulia. Sasa kama munataka kumuua muntu juu ya mume wangu, muanze na mi."

Wazee walisogea wakasimama kati ya vijana na nyumba, bila kelele, mmoja baada ya mwingine. Vijana waliondoka kabla ya jua kushuka. Hawakuomba msamaha, na chakula kile wachache tu walikila. Lakini Bahati alimzika kaka yake kwa mikono yake.

Baada ya maziko, wanaume watatu walinifuata Walikale kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akidai amekuja kwa jambo lingine. Wawili walikuwa na mushipa wa maji, wakapasuliwa wakapona. Mmoja alikuwa na kifua kikuu, akapona kwa vidonge. Nilisoma lame zao kwa mikono iliyotulia, na kila nilipoandika jibu zuri nilitamani kumwonyesha mtu fulani.

Nimestaafu sasa. Macho yangu yamechoka, na labo nimewaachia vijana wanaotuma picha Kinshasa haraka kuliko sisi tulivyotuma mtu sokoni. Hiyo ni heri. Naulizwa kama kazi ile ilikuwa na faida, ikiwa tulitaja magonjwa ambayo dawa zake zilikuwa ng'ambo ya barabara iliyofungwa. Siku nyingine nasema ndiyo. Siku nyingine nakumbuka ile simu ya sahani mbili za sombe na siwezi kusema lolote. Papa Chef alijua jina la kilichomuua, na kujua hakukumpunguzia kufa. Kulichofanya ni kumwacha mdogo wake hai. Sijui hesabu hiyo inawekwaje kwenye mizani, na sitaki kuwadanganya kwamba najua.

Mwaka huu, kulipokuwa na utulivu kidogo, nilipita Mpofi. Mama Faida bado anakaa pale, wamemjengea chumba chake. Alikuwa shambani na mke wa Bahati, wanapura maharagwe. Bahati alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, na tukiwa tunangoja dereva nilimuuliza watu wanaishi naye namna gani.

"Banasalimia," akasema. "Batoto bangu banacheza na batoto babo. Lakini kuko benye bangali banakataa kukula kwangu."

"Na Mama Faida?"

Aliangalia kule shambani, ambako wanawake wawili walikuwa wamenyanyua ungo wanapepeta.

"Yeye anakula kila siku," akasema. "Tena anakulaka inje, mbele ya barabara, ili bamuone."